Ronald Ngala: Mtunga sheria wa Pwani aliyeibeba hoja ya majimbo, kisha akaitua

Kila mwananchi anayefuatilia mijadala kuhusu mgao wa fedha baina ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti 47 anafuatilia, hata kama hajui, hoja iliyoanza kutikisa kumbi za kutunga sheria zaidi ya miaka 60 iliyopita. Hoja hiyo ilikuwa na watetezi wengi, lakini jina lililofungamana nayo kuliko mengine ni la marehemu Ronald Gideon Ngala, mwalimu kutoka Kilifi aliyekuja kuwa miongoni mwa watunga sheria mashuhuri zaidi wa kizazi cha uhuru.

Katika muda wa miaka 15 tu, kuanzia mwaka 1957 hadi kifo chake mwaka 1972, Ngala aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni, akaketi katika Bunge la Wawakilishi la Kenya huru, akaliongoza Bunge la Jimbo la Pwani, na hatimaye akawa waziri katika serikali ya Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta. Aliwahi kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na aliwahi kuwa Kiongozi wa Upinzani. Ni Wakenya wachache walioiona kazi ya kutunga sheria kutoka pande nyingi kiasi hicho.

Jina lake limo katika barabara mojawapo yenye pilikapilika nyingi jijini Nairobi, na chuo cha utalii cha Vipingo katika Kaunti ya Kilifi kimepewa jina lake pia. Hata hivyo, kumbukumbu za majengo na barabara hazielezi ni kwa nini mtu huyu aliandamwa, akasifiwa, akalaumiwa, na hatimaye akafanya uamuzi ambao wanahistoria wanaendelea kuupima hadi leo.

Mwalimu kutoka Ugiriama

Ngala alizaliwa yapata mwaka 1923 katika jamii ya Wagiriama, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Alizaliwa miaka michache tu baada ya vita vya mwaka 1914, ambapo Wagiriama, wakiongozwa na hamasa ya Mekatilili wa Menza, walikataa kutoa vijana wao kwa ajili ya kazi za serikali ya kikoloni na mashamba ya walowezi. Adhabu ya upinzani ule ilikuwa kali. Watu walitozwa faini na wengine wakaondolewa kwa nguvu katika mashamba yao ya kaskazini ya mto Sabaki.

Jambo la pili lililotawala maisha ya kizazi chake lilikuwa ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliweka utaratibu wa kila mwenye madai ya kiwanja au shamba katika ukanda wa mwambao kujitokeza na kuyathibitisha. Utaratibu huo uliwafaa wale waliomiliki ardhi mtu mmoja mmoja na waliokuwa na maandishi mikononi. Wamijikenda, walioishika ardhi kwa misingi ya ukoo na mila, wengi wao hawakupata chochote katika zoezi hilo. Hivyo ndivyo maelfu ya familia yalivyojikuta yakilima na kuzika wazee wao katika ardhi ambayo kwa mujibu wa vitabu vya serikali haikuwa yao. Anayetaka kuelewa kwa nini Ngala, katika siasa zake zote, alisisitiza kwamba maamuzi kuhusu ardhi yafanywe karibu na wananchi wenyewe, hana budi kuanzia hapa.

Elimu yake aliianzia Kaloleni, katika shule ya wamisionari wa Kanisa la Anglikana, kisha akaendelea katika Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu. Kutoka hapo alijiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambako alihitimu stashahada ya ualimu. Aliporejea alifundisha katika mkoa wa Pwani, akawa mwalimu mkuu Mbale katika nchi ya Wataita na baadaye katika Shule ya Buxton mjini Mombasa.

Kazi hiyo ilimpa mtaji ambao wanasiasa wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Mwalimu mkuu wa miaka ile alikuwa zaidi ya mtu wa chaki na ubao. Aliwajua wazazi, wazee wa mtaa, makasisi na makarani, na alijua shida za kila nyumba. Ngala alifahamika kwa Wagiriama kama mtoto wao, kwa Wataita kama mwalimu wa watoto wao, na kwa Waafrika wa Mombasa kama mtu aliyeweza kusimama mbele ya Bodi ya Manispaa, ambayo yeye mwenyewe alikuja kuwa mwanachama wake.

Vilevile alikuwa mwandishi. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Kwamba mwalimu kijana aliona umuhimu wa kuandika mila za watu wake, tena kwa lugha ambayo Wakenya wengine wangeisoma, ni dalili ya mapema ya fikra iliyomwongoza baadaye. Aliamini kwamba jamii ndogo ina haki ya kujulikana na kuheshimiwa ndani ya nchi kubwa.

Wanane wa mwaka 1957

Mwezi Machi mwaka 1957, kwa mara ya kwanza, Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla ya hapo, Waafrika waliokuwamo katika baraza hilo waliteuliwa na gavana. Hata hivyo kura haikuwa ya kila mtu. Mpigakura alipaswa kuwa na sifa za elimu, mali, kipato au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku wengi wakikosa hata moja.

Walichaguliwa wanane. Ngala alishinda kiti cha Pwani. Wenzake walikuwa Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Daniel arap Moi, Bernard Mate na James Muimi. Wanane hawa waliwawakilisha mamilioni ya Waafrika katika baraza ambalo Wazungu wa Kenya, waliokuwa makumi ya maelfu tu, walikuwa na viti 14 vya kuchaguliwa.

Hatua yao ya kwanza ilikuwa kukataa. Walikataa kushika nyadhifa za uwaziri walizotengewa, na wakadai viti zaidi kwa Waafrika. Msimamo huo ulizaa matunda mwaka uliofuata, ambapo viti vya Waafrika viliongezwa kwa sita na kufikia 14, sawa na vya Wazungu. Kwa Ngala, somo lilikuwa bayana. Wachache wenye umoja na hoja wanaweza kuibadili katiba.

Ndani ya kundi hilo, Ngala alijulikana kwa utulivu. Hakuwa na ulimi mkali wa Mboya wala ukakamavu wa Odinga. Wakati wabunge Waafrika walipogawanyika mwaka 1959 kuhusu mwelekeo wa harakati za uhuru, walirudi pamoja kwa ajili ya mkutano wa katiba wa Lancaster House jijini London, uliofanyika Januari na Februari 1960. Waliyemchagua kuuongoza ujumbe huo alikuwa Ngala, huku Mboya akiwa katibu. Chaguo hilo lilitokana na ukweli kwamba Ngala alikubalika kwa pande zote. Mkutano ule ulikubali kwamba Kenya itakuwa nchi inayotawaliwa na walio wengi, yaani Waafrika. Suala lililobaki lilikuwa ni kwa njia gani.

Kuzaliwa kwa KADU

Ujumbe uliporejea nyumbani, chama cha KANU kiliundwa, na Ngala akachaguliwa kuwa mweka hazina bila yeye kuwapo. Aliikataa nafasi hiyo. Yeye pamoja na viongozi wa jamii kadhaa zenye watu wachache waliona kwamba KANU, iliyojengwa juu ya nguvu ya jamii kubwa, ingeweza kuwameza wengine. Mwezi Juni 1960 viongozi hao walikutana Ngong na kuunda chama cha KADU. Ndani yake mlikuwa na vyama vya Wakalenjin, Wamaasai na Wasomali, chama cha Muliro kutoka magharibi mwa nchi, na chama cha Waafrika wa Pwani kilichoongozwa na Ngala. Ngala alichaguliwa kuwa kiongozi wa KADU, na Muliro akawa naibu wake.

Wapo walioiona KADU kuwa chama cha hofu, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini hofu nyingine huwa na sababu. Kwa mfugaji wa Narok au mkulima wa Kaloleni, uhuru ulikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa kama mkoloni ataondoka. La pili lilikuwa nani ataamua juu ya malisho, mashamba, shule na polisi baada ya mkoloni kuondoka. KADU ilikuwa ni jaribio la kulijibu swali hilo la pili kwa maandishi ya sheria kabla bendera haijapandishwa.

Serikali ya wachache

Uchaguzi wa Februari 1961 ulimweka Ngala mahali pagumu. Kati ya viti 33 vilivyokuwa wazi kwa wapigakura wote, KANU ilipata 19 na KADU 11. KANU ilikuwa imeshinda, lakini ikakataa kuunda serikali hadi Mzee Kenyatta aachiliwe huru. Mwezi Aprili, Ngala alikubali kuunda serikali kwa msaada wa wabunge wengine, wakiwamo wa kundi la Michael Blundell, na akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali.

Wapinzani wake hawakumsamehe kwa urahisi. Machoni pao alikuwa ameokoa utawala wa kikoloni katika saa ambayo ungepaswa kukwama. Yeye na wenzake waliona kwamba kuingia serikalini kungeharakisha mambo mawili, uhuru na kuachiliwa kwa Kenyatta. Mzee Kenyatta aliachiliwa mwezi Agosti mwaka huohuo, wakati serikali ya Ngala ikiwa madarakani. Ni vigumu kusema kwa hakika ni kiasi gani cha sifa kinamwendea Ngala na kiasi gani kinaiendea shinikizo la KANU na wananchi. Lililo wazi ni kwamba kutoka siku hiyo, kiongozi wa KADU alikabiliana na mpinzani ambaye umaarufu wake haukuwa na mfano nchini.

Majimbo mezani

Hoja kuu ya Ngala ilifika kileleni katika mkutano wa pili wa Lancaster House, mwezi Februari hadi Aprili 1962. KADU ilitaka nchi igawanywe katika majimbo yenye mabunge na mamlaka yake. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu kutoka Nairobi. Baada ya wiki nyingi za mabishano, ulifikiwa mwafaka ulioipa KADU sehemu kubwa ya ilichokitaka. Serikali ya mseto iliundwa, ambamo Kenyatta na Ngala wote wawili walikuwa mawaziri wa nchi wenye dhamana katika masuala ya katiba. Mahasimu wawili walikabidhiwa kazi moja ya kuandika kanuni za nyumba ambayo kila mmoja aliitaka ijengwe kwa namna yake.

Katiba iliyotokana na mazungumzo hayo iliunda majimbo saba, nayo ni Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, huku Nairobi ikiwa eneo la pekee. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake. Majimbo yalipewa sauti katika udhibiti wa uhamishaji wa ardhi ya kilimo, serikali za mitaa, elimu ya ngazi za chini, baadhi ya huduma za afya, na sehemu ya kikosi cha polisi. Juu yake liliundwa Bunge la nyumba mbili, Bunge la Wawakilishi na Seneti yenye wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na mmoja wa Nairobi. Vifungu vilivyolinda majimbo vilifungwa kwa kufuli nzito. Kuvibadili kulihitaji robo tatu ya kura katika Bunge la Wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti.

Katika kipindi hichohicho Pwani ilikuwa na swali lake la pekee. Ukanda wa mwambao wa maili kumi ulikuwa, kisheria, milki ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Uingereza, na lilikuwapo vuguvugu lililotaka mwambao ujitenge na Kenya. Ngala alilipinga. Kwake yeye, jawabu la malalamiko ya Pwani lilikuwa jimbo lenye mamlaka ndani ya Kenya moja. Tarehe 8 Oktoba 1963 ulitiwa saini mkataba uliouweka mwambao ndani ya Kenya, pamoja na dhamana ya kulinda mahakama za kadhi. Katika hili Ngala na KANU walisimama upande mmoja, jambo linalosahaulika mara nyingi na wale wanaomtaja kama mgawanyaji wa nchi.

Katika kiti cha Jimbo la Pwani

Uchaguzi wa Mei 1963 ulifanyika kwa ngazi tatu, yaani Bunge la Wawakilishi, Seneti na mabunge ya majimbo. KANU ilishinda kitaifa, na tarehe 1 Juni 1963 Mzee Kenyatta akawa Waziri Mkuu wa serikali ya madaraka. KADU ilishinda katika mabunge ya majimbo matatu, Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani. Moi akawa Rais wa Bunge la Jimbo la Bonde la Ufa. Ngala akawa Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani, na wakati huohuo Kiongozi wa Upinzani katika Bunge jijini Nairobi.

Kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, mwalimu yule wa Kaloleni aliongoza chombo ambacho kwenye karatasi kilikuwa na mamlaka ya kutunga sheria kwa ajili ya watu wa Pwani pekee. Lakini karatasi na uhalisi havikufanana. Jimbo halikuwa na vyanzo vya kutosha vya mapato, na ruzuku ilitoka Nairobi. Watumishi wa umma waliendelea kutazama Nairobi kwa maagizo na mishahara. Mamlaka yaliyopaswa kukabidhiwa majimbo yalikabidhiwa polepole, na mengine hayakukabidhiwa kamwe, kwa sababu serikali iliyopaswa kuyakabidhi haikuyaamini majimbo na haikuficha nia ya kuyafuta. Bunge la Jimbo liliweza kukutana, kujadili na kupitisha maazimio. Kuyatekeleza lilikuwa jambo jingine.

Katika mkutano wa tatu wa Lancaster House, mwezi Septemba na Oktoba 1963, KANU ilishinikiza katiba ilegezwe kabla ya uhuru. Mvutano ulifikia hatua ya baadhi ya viongozi wa KADU kutishia kuigawa nchi. Tishio hilo halikutimia, na baadhi ya marekebisho ambayo KANU iliyataka yakakubaliwa. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru, ikiwa na katiba ambayo serikali yake yenyewe haikuipenda.

Tarehe 10 Novemba 1964

Mwaka wa kwanza wa uhuru ulikuwa mwaka wa KADU kupungua. Wabunge wake walihamia KANU mmoja baada ya mwingine. Baadhi waliamini kwamba nchi changa haiwezi kumudu malumbano, na wengine waliona kwamba barabara, shule na nafasi za kazi ziliwafuata walio upande wa serikali. Serikali ilitangaza nia ya kuifanya Kenya kuwa jamhuri yenye rais mtendaji na kupunguza mamlaka ya majimbo. Kama Seneti ingekataa kutoa asilimia 90, suala lingepelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni.

Hapo ndipo Ngala alipofikishwa kwenye uamuzi wa maisha yake. Angeweza kubaki na wachache waliosalia, akashindwa katika kura ya maoni ambayo ingewagawanya wananchi kwa misingi ya jamii, miezi michache tu baada ya uhuru. Au angeweza kuifunga hoja kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe 10 Novemba 1964 alisimama Bungeni na kutangaza kuvunjwa kwa KADU. Yeye na wenzake waliondoka katika viti vya upinzani na kwenda kuketi upande wa serikali. Kura ya maoni haikuhitajika tena. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa Jamhuri.

Uamuzi huo umepimwa kwa mizani mbili. Kwa mizani ya kwanza, Ngala aliweka taifa mbele ya cheo chake. Alikiacha kiti cha Kiongozi wa Upinzani bila kupewa uwaziri papo hapo, wakati mwenzake Moi aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwezi uliofuata. Nchi iliepushwa na kampeni ambayo ingeweza kuacha majeraha. Kwa mizani ya pili, alizikabidhi funguo za kufuli aliyoipigania kwa miaka mitatu. Bila upinzani Bungeni, majimbo hayakuwa na mtetezi. Mwaka 1965 mabunge ya majimbo yaligeuzwa kuwa mabaraza ya mikoa, na mwaka 1968 yakafutwa kabisa. Seneti nayo iliunganishwa na Bunge la Wawakilishi kufuatia mabadiliko ya katiba ya mwaka 1966.

Mizani zote mbili zina uzito. Mwananchi wa leo anayesoma historia hii halazimiki kuchagua moja na kuitupa nyingine. Anaweza kukiri kwamba mtu mmoja alitenda kwa nia njema, na kwamba nia njema ya mtu mmoja si ulinzi wa kutosha kwa haki za watu wengi.

Waziri, na safari ya mwisho

Ngala hakutoweka katika siasa. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi Machi 1966, chama kiliunda nafasi za makamu wa rais wa chama kwa kila mkoa, naye akachaguliwa kuiwakilisha Pwani. Mwaka huohuo aliingia katika Baraza la Mawaziri, akikabidhiwa vyama vya ushirika na huduma za jamii, na baadaye wizara ya nishati na mawasiliano. Nyumbani aliendelea kuwa msemaji mkuu wa Pwani, ingawa uongozi wa KANU mjini Mombasa ulikuwa na mivutano yake na hakukosa wapinzani.

Mwezi Desemba 1972 alipata ajali ya gari karibu na Konza, katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Alifariki dunia tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, akiwa na umri wa takriban miaka 49. Simulizi kwamba nyuki waliingia garini na kumbabaisha dereva ilienea sana, na iliwaacha wengi wakiwa na maswali. Pwani iliomboleza kiongozi ambaye hakuwa na wa kulingana naye, na kwa miaka mingi iliyofuata pengo hilo lilitajwa kila palipozungumzwa uongozi wa ukanda huo.

Hoja iliyorudi

Tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua katiba mpya iliyorejesha kwa sura nyingine mambo ambayo Ngala aliyatetea. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabunge 47 ya kaunti yalianza kazi na Seneti ikarejea. Wanaosema kwamba ugatuzi ni majimbo yaliyofufuka wana sehemu ya ukweli, lakini tofauti zilizopo ndizo zenye mafunzo zaidi.

Tofauti ya kwanza ni ukubwa. Majimbo yalikuwa saba na makubwa, hivyo kila moja lilionekana kama ngome ya jamii fulani. Kaunti ni 47, na nyingi ni ndogo mno kuweza kufikiria kujitenga na nyingine. Tofauti ya pili ni fedha. Bunge la Jimbo la Pwani lilisubiri ruzuku, ilhali katiba ya sasa inazihakikishia kaunti mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kuzingatia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Tofauti ya tatu ni orodha ya majukumu. Jedwali la Nne la katiba linataja wazi kazi zipi ni za kaunti, kuanzia zahanati na hospitali za kaunti hadi kilimo, masoko na elimu ya chekechea.

Tofauti ya nne ndiyo inayogusa moja kwa moja uamuzi wa Novemba 1964. Wakati ule ulinzi wa majimbo ulitegemea idadi ya viti vya chama kimoja katika Seneti, na chama hicho kilipovunjwa, ulinzi ulivunjika nacho. Leo, mabadiliko yanayogusa malengo, misingi na muundo wa serikali za ugatuzi hayawezi kukamilika bila kura ya maoni, na katika angalau nusu ya kaunti ni lazima asilimia 20 au zaidi ya wapigakura waliojiandikisha wajitokeze kupiga kura. Hakuna kiongozi wa chama, awe maarufu kiasi gani, anayeweza kusimama Bungeni na kuyafuta kwa tangazo la siku moja. Kufuli ile iliyokuwa mikononi mwa Ngala na wenzake sasa imo mikononi mwa wapigakura wenyewe.